Kumpunga mzimu kwenye manga: ni kumwokoa, kumuua au kufagia uchafu?

wino_mkavu
Wakuu, nisaidieni kunyoosha hili. Kwenye Bleach, manga (katuni ya Kijapani), shujaa Ichigo akimpasua Hollow, mzimu aliyegeuka zimwi, kwa upanga tunaambiwa kamtendea wema. Kwenye Jujutsu Kaisen, laana, yaani viumbe viovu, zinasambaratishwa kila sura na hakuna anayeuliza zimekwenda wapi. Halafu unafungua Natsume Yūjinchō, mpunga pepo anamfungia kiumbe chunguni, na huruma yote inakwenda kwa kiumbe. Kitendo ni kilekile: mtaalamu anakuja, kiumbe anatoweka. Kuna kanuni hapa, au kila mtunzi anatupeleka anakotaka? Nauliza kwa sababu kwenye mswada wangu mpunga pepo anaonekana muuaji, na sikukusudia hivyo.

ukurasa_wa_mwisho
Kanuni ipo. Angalia mzimu wa manga hiyo ameumbwa kwa nini, kisha angalia akipungwa anafikia wapi. Hukumu yote inaning'inia hapo.

Bleach (2001 hadi 2016) imeyajibu yote mawili mapema. Mzimu wa kawaida ni roho kamili ya mtu, na kifuani ana mnyororo. Shinigami, mlinzi wa roho kama Ichigo, anamgonga kipaji cha uso kwa kitako cha mpini wa upanga, naye anavuka kwenda Soul Society, ulimwengu wa wafu. Hiyo ndiyo konsō. Akichelewa kupata huduma hiyo, mnyororo unajila wenyewe pingili kwa pingili, na ukiisha kifua kinatoboka na Hollow anazaliwa. Kwa hiyo Hollow ni mtu yuleyule aliyeharibika, na upanga unamsafisha dhambi alizozitenda baada ya kuharibika. Dhambi za uhai wake haziguswi. Ndiyo maana yule Hollow aliyekuwa muuaji tangu uhai wake, na aliyeifungia roho ya mtoto ndani ya kasuku, alipokatwa, lango la Jehanamu lilifunguka papo hapo.

Sasa walete Wakuincy, binadamu wapiga mishale wanaowinda Hollow. Nao wanaua Hollow, tena kwa nia njema, lakini mishale yao inaifuta roho kabisa. Hairudi popote, mizani ya roho kati ya dunia mbili inayumba, na mashinigami wakaamua kuwamaliza Wakuincy miaka 200 kabla ya hadithi kuanza. Adui mmoja, silaha mbili: moja ni tiba, nyingine ni maangamizi. Mtunzi hakuhitaji kuhubiri.

Jujutsu Kaisen inajibu tofauti. Laana nyingi hazijawahi kuwa watu. Ni hofu, chuki na majuto yanayovuja kutoka kwa watu wasio na ujuzi wa kuzuia nguvu yao, yakarundikana hadi yakapata umbo. Laana iitwayo Jogo imetokana na hofu ya ardhi, Mahito na chuki ya watu kwa watu. Ukiiondoa laana ni kama umezibua mfereji, na maji machafu yatajaa tena maana chanzo ni walio hai. Hapo ndipo Geto, mmoja wa wapunga laana, alipopotelea. Alikuwa anazimeza laana moja baada ya nyingine, kila moja ina ladha ya tambara lililopangusia matapishi, akawaza: kwa nini nisimalize chanzo? Hesabu yake inatisha kwa sababu imenyooka.

chumvi_kidogo
Niongeze upande wa maneno, maana tafsiri zinatuchanganya. Kijapani kina jorei na jōrei, tofauti ni kuvuta hiyo «o» tu. Ya kwanza ni kumng'oa mzimu mahali au mwilini mwa mtu. Ya pili ni kumsafisha mpaka atulie. Kisha kuna jōbutsu, ambayo asili yake ni «kuwa Buddha» lakini kwenye manga ina maana ya mzimu kuachilia kilichomshika na kuondoka kwa amani. Jujutsu Kaisen inatumia harau, neno la kufukuza uchafu. Zote kwetu zinatafsiriwa «kupunga», na msomaji anadhani ni jambo moja.

Mwenye mswada aamue neno lake kabla ya kuchora hirizi hata moja. Jibakurei (mzimu aliyefungwa na mahali) ukimfanyia jorei bila kugusa kilichomfunga, umemhamisha tu. Atakuwa fuyūrei, anayetangatanga, na kazi inakuwa ngumu zaidi kwa sababu hujui tena pa kumtafuta.

Na tafadhali, chumvi ya kutakasa isiwe bunduki. Hata huko Japani madhehebu ya Jōdo Shinshū hayaitumii kwenye mazishi, kwa kuwa hayakubali kwamba maiti ni najisi. Kwenye Mob Psycho 100, Reigen, mpunga pepo wa uongo, akirusha chumvi ya jikoni ni kichekesho, na kichekesho kinafanya kazi kwa sababu sheria ya nguvu halisi imeshawekwa kwa Mob, kijana anayefanya naye kazi.

jina_la_pili
Ukurasa_wa_mwisho, hapo umeruka kitu: ridhaa. Mahali anakofikia mzimu hapatoshi. Noragami ina mizimu wanaookolewa wasiliwe na ayakashi (mazimwi), lakini wokovu wenyewe ni mungu kuwapa jina na kuwafanya shinki wake, silaha yake, bila kuwauliza. Kumbukumbu za uhai zinafungwa. Shinki akilijua jina lake la kweli na alivyokufa, anaweza kugeuka ayakashi. Kwa hiyo ukweli, ambao ni haki ya marehemu, ndio sumu yake. Wamehifadhiwa vizuri, na bado kuna kitu kinakukwaruza.

Hata ndani ya Jujutsu Kaisen kuna Rika, laana inayomwandama kijana Yuta. Yule alikuwa mtu, rafiki yake wa utotoni, na hakumlaani Yuta. Yuta ndiye aliyemlaani siku ya ajali kwa kukataa kifo chake. Wakati wote wataalamu wanajadili namna ya kumwondoa mzimu, aliyepaswa kuachia ni aliye hai.

wino_mkavu
Nimewapata. Mzimu wangu ni mjakazi aliyesukumwa kisimani, na anawavuta wapita njia. Mpunga pepo anabandika hirizi, kisima kinawaka moto, kwisha. Kurasa 6.

chumvi_kidogo
Ndiyo maana anaonekana muuaji. Umempa mzimu sababu ya haki halafu ukamnyima nafasi ya kusikilizwa. Punguza moto ubaki kurasa 2. Hizo 4 zipeleke kwa aliyemsukuma, au uzao wake, na jambo moja ambalo mjakazi anataka litajwe. Kama unataka amalizwe kwa nguvu, basi onyesha kwanza mtu wa tatu akikaribia kuvutwa, ili tuone muda umeisha.

Njia nyingine ni ya kale kuliko manga: usimfukuze, mpandishe cheo. Sugawara no Michizane, msomi na waziri wa Japani, alikufa uhamishoni mwaka 903, radi ikapiga kasri la mfalme mwaka 930, watu wakasema ni kisasi chake. Mwaka 947 akajengewa hekalu la Kitano huko Kyoto, na leo wanafunzi humwomba wafaulu mitihani. Kisima chako kikiwa na kihekalu kidogo mwishoni, Mjapani hatashangaa.

ukurasa_wa_mwisho
Jina_la_pili, nakubali kuhusu ridhaa, na Bleach yenyewe inakuunga mkono. Ile sura maalumu ya 2021 inaonyesha ibada ya Konsō Reisai, inayofanywa miaka 12 baada ya nahodha wa mashinigami kufa. Walio hai wanadhani wanamuenzi. Roho za manahodha ni nzito mno kuyeyuka na kurudi kwenye mzunguko, kwa hiyo ibada inazishusha Jehanamu, ikiwemo ya nahodha Ukitake. Waombolezaji wamesimama kaburini na hakuna aliyewaambia.

wino_mkavu
Hiyo ya kihekalu naichukua. Ila atakayekijenga ni mjukuu wa aliyemsukuma, na hajui kwa nini bibi yake alikuwa hapiti njia ile.