Mpiga gitaa kavu anaweza kuishi kwa upigaji huru wa papo kwa papo?

Nyuzi Sita, Nyali
Ndugu zangu, salamu. Kwa miaka sita nimekuwa nikipiga gitaa kavu hotelini, usiku wanne kwa wiki, nyimbo zile zile za kopi, na kila mgeni lazima aombe ule wimbo mmoja ambao nyote mnaujua. Siku hizi nimevutiwa na upigaji usio na wimbo, kodi (zile noti zinazopigwa pamoja) wala mapigo yaliyopangwa, ambapo wapigaji hukaa na kubuni kila kitu hapo hapo. Nikijaribu nyumbani, mke wangu huuliza kama bado natyuni. Je, wapo walioifanya hii kuwa kazi ya maisha, tena kwa gitaa kavu, na walipitia njia gani?

Mzee wa Kisauni
Mwanangu, mfuatilie Derek Bailey, mzaliwa wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1930. Kwa miaka mingi alikuwa kama wewe, akipiga katika kumbi za dansi, vilabu vya usiku na studio, na ni mwaka 1963, akiwa amevuka miaka 30, alipoanza kujaribu upigaji huru na wenzake wawili mjini humo humo. Mwaka 1966 alihamia London, na mwaka 1970 yeye na wenzake wakaanzisha lebo yao ya rekodi, Incus. Kuanzia 1977 hadi 1994 aliandaa Company Week, akiwakutanisha wapigaji ambao baadhi yao hawakuwahi kupiga pamoja. Gitaa la umeme alilitumia sana, lakini ukitaka kulisikia gitaa kavu peke yake tafuta rekodi yake ya Aida, iliyotoka 1980. Ninachokiona mimi ni kwamba hakungoja kualikwa. Jukwaa na lebo alivijenga mwenyewe, na hiyo ilikuwa sehemu ya kazi sawa na kupiga.

Udi Mkononi, Mji wa Kale
Kwa heshima yote, Mzee, mbona sisi wa taarab tunafanya hayo tangu zamani? Mpiga udi anapofungua kwa taksimu, ule utangulizi anaoubuni peke yake, hana karatasi mbele yake.

Mzee wa Kisauni
Hana karatasi, ila ana makamu, yaani ngazi ya sauti yenye kanuni zake. Akianza na makamu ya Bayati, sikio la msikilizaji linajua nyumbani ni wapi, na hata akihamia Hijazi atatarajiwa kurudi. Bailey mwenyewe, katika kitabu chake kuhusu ubunifu wa papo kwa papo, alitenganisha ubunifu ulio ndani ya lugha fulani ya muziki na ule usiojifunga na lugha yoyote. Taksimu ni ya aina ile ya kwanza. Sisemi ni duni. Mimi binafsi ndiyo ninayoipenda zaidi.

Binti wa Tudor
Kaka Nyuzi Sita, ongeza jina la John Russell, aliyezaliwa 1954 na kufariki 2021. Alijifunza kwa Bailey, na gitaa kavu ndilo lililokuwa chombo chake. Mwaka 1991 yeye na mpiga piano Chris Burn walianzisha Mopomoso, mfululizo wa maonyesho ya upigaji huru mjini London, akauendeleza kwa miongo mitatu. Tatizo la gitaa kavu ni kwamba sauti yake hufa upesi, na ngoma moja tu huifunika, hivyo wapigaji hawa hutafuta sauti ndogo zenye ncha. Gusa uzi juu ya freti ya 12, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, bila kuukandamiza, kisha freti ya 7, kisha ya 5: utapata hamoniki tatu, sauti nyembamba kama za kengele, kila moja juu ya mwenzake. Zichanganye na uzi mtupu na noti iliyobanwa, ukiruka kutoka uzi hadi uzi, nawe utasikia kama wapigaji watatu ndani ya gitaa moja. Ila usiache hoteli mwezi huu. Kodi ya nyumba haibuniwi papo hapo.

Nyuzi Sita, Nyali
Ahsanteni sana. Hoteli siiachi. Udi Mkononi, je, ungekubali tukae wawili, bila spika, na bila kuambiana tutaanzia wapi?

Udi Mkononi, Mji wa Kale
Njoo Jumanne baada ya Isha, chumba cha juu. Makamu nitajitahidi kuyaacha, ingawa vidole vina mazoea yao. Feni tutalizima, maana hizo hamoniki zako hazitasikika, kwa hiyo njoo na taulo.