Mnaosomea watoto slaidi ukutani na kuita "somo la kidijitali", dawati la nyuma halioni kitu!

Wakuu, uzi huu ni wa povu, mtanisamehe. Projekta inawashwa, slaidi ya mistari 18 yenye herufi za pointi 12 inatupwa ukutani, mwalimu anawapa wanafunzi mgongo na kuisoma neno kwa neno. Hiyo ni imla ya umeme. Ubao wa chaki ulikuwa na nafuu, maana angalau herufi zake zilikuwa kubwa.

Tupige hesabu kidogo. Slaidi ya kawaida ina kimo cha pointi 540 (pointi ni kipimo kilekile cha ukubwa wa herufi). Picha ya ukutani ikiwa na kimo cha mita 1.2, mstari wa pointi 12 unapata sentimita 2.7, tena hapo umehesabu mpaka mikia ya g na y. Herufi kama a au e yenyewe haifiki sentimita moja na nusu. Nani ataisoma akiwa mita nane? Weka pointi 28, mstari uleule unafika sentimita 6 na ushee. Bila shaka maneno hayatatosha kwenye slaidi. Ndiyo, yasitoshe! Yaliyobaki sema kwa mdomo.

Na umbali una mpaka wake. Kanuni ya mafundi wa maonyesho ni kwamba aliye mbali kabisa asizidi mara sita ya kimo cha picha, yaani mita 7.2 kwa picha ya mita 1.2. Wengine wanakimbilia kuisogeza projekta nyuma ili picha ikue. Sawa, lakini mwanga ni uleule. Ukikuza upana mara mbili, eneo linakuwa mara nne na kila sehemu inabaki na robo ya mwangaza.

Hapo kwenye mwanga ndipo watu wanaponichosha. Projekta hairushi weusi. "Nyeusi" ya ukutani ni ukuta tu ambao haukupigwa mwanga, kwa hiyo jua likiingia dirishani nyeusi yako ni kijivu. Zile slaidi za bluu iliyokolea zinazopendeza kwenye laptopu, ukutani ni uji mtupu. Chumba chenye mwanga kinataka mandhari nyeupe na maandishi meusi. Zima taa ya mbele inayomulika ukuta, ya nyuma iache, watoto waone daftari. Kuna watu wanalaani projekta ya lumeni 3000 (lumeni ni kipimo cha mwanga inaotoa) wakati swichi iko mkono wa kushoto!

Halafu projekta inawekewa daftari chini ya miguu ya mbele, picha inapanuka juu, mtu anaingia kwenye menyu kuinyoosha. Inanyooka, ila kwa kuzibana nukta za picha, na herufi ndogo zinaota ukungu. Inua meza, lenzi itazame ukuta moja kwa moja. Tena angalia nukta halisi za mashine: laptopu ikituma 1920 kwa 1080 kwenye projekta ya 800 kwa 600, zaidi ya robo tatu ya nukta hazina pa kukaa.

Sauti? Kebo ya VGA haibebi sauti. HDMI inabeba, lakini mara nyingi laptopu inahamishia sauti kwenye kijispika cha projekta, mwalimu anabaki kuongeza sauti upande ambao hautoi chochote. Bonyeza alama ya spika, chagua inakotokea. Hilo lifanyike kabla kipindi hakijaanza.

Sasa ufundishaji wenyewe. Mtafiti wa saikolojia ya elimu Richard Mayer na wenzake walionyesha kwamba mchoro ukiambatana na maelezo ya mdomo unaeleweka vizuri kuliko mchoro, maelezo, na maandishi ya maneno yaleyale kwa pamoja. Jicho moja haliwezi kusoma na kufuata mchoro kwa wakati mmoja. (Wanaojifunza kwa lugha isiyo yao wanasaidiwa na maneno machache muhimu. Nimesema machache.) Kwenye PowerPoint kuna kitufe cha B: kibonyeze, ukuta unakuwa mweusi, macho yote yanarudi kwako. Kibonyeze tena, slaidi inarudi.

Video ya dakika 12 kuachiwa iende mpaka mwisho nayo ni kulea usingizi. Isimamishe kabla ya tokeo, kila mmoja aandike anachotarajia, ndipo uendelee. Kwa majaribio ya kuigiza ni vilevile. PhET, mradi wa majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, wana la saketi za umeme: uliza balbu ipi itawaka zaidi, subiri majibu, ndipo ufunge swichi. Faili lake linapakuliwa mapema na kufunguka kwenye kivinjari bila intaneti, kwa hiyo "mtandao ulikata" si jibu. Vishikwambi 40 vikivuta video ya megabiti 1.5 kwa sekunde ni megabiti 60, na ruta ya nyumbani itapiga magoti. Weka masomo kwenye kompyuta moja mlemle darasani kwa programu ya masomo yasiyohitaji intaneti kama Kolibri, hata Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo, inaiendesha.

Najua majibu yanakuja: bajeti, bajeti. Kabla hujaandika hilo, fungua slaidi yako ya kesho, nenda kakae dawati la mwisho kona ya dirishani, kisha rudi hapa utuandikie mstari wa tatu unasema nini.