Bwawa la nailoni, matangi au fanya juu: nianze na lipi kwenye ekari mbili za Rongai?

MkulimaWaRongai

Wakulima wenzangu, hamjambo. Nina ekari mbili upande wa Rongai, Nakuru, shamba alilotuachia baba. Lina mteremko kidogo na udongo mwepesi wa majivu. Kila Aprili tunaona yale yale: mvua inapiga saa nzima, maji yanateremka hadi barabarani yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na wiki mbili baadaye mahindi yanakunja majani kwa kiu.

Tumeuza fahali wawili, na mimi na mke wangu tumekubaliana pesa hizo ziende kwenye maji. Hazitoshi kufanya yote. Tunapima mambo matatu: kuchimba bwawa na kulitandika nailoni, kununua matangi mawili ya lita 10,000 ya kuvuna maji ya paa, au kulipa vijana wachimbe matuta ya fanya juu, yaani mitaro inayokata mteremko na udongo wake ukirushwa upande wa juu, na mashimo ya kupandia. Jirani ana bwawa na moyo wangu uko huko. Mama watoto anataka tangi. Aliyekaa na mojawapo ya haya kwa mvua kadhaa aniambie ukweli.

MamaNyakach

Pole kwa hiyo chai ya maziwa, ndugu yangu. Ulichokiona barabarani ni shamba lako likienda kwa wengine. Huku kwetu Nyakach ya chini tumeishi na korongo la Katuk Odeyo miaka mingi na tunajua mwisho wa maji yasiyoshikwa. Linaanza kama kijia cha ng'ombe, unalivuka kwa hatua moja. Ukilipuuza, mjukuu wako atalivuka kwa daraja.

Mimi nilianza na fanya juu kwa sababu sikuwa na pesa ya kingine. Mtaro wa sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo unarushwa upande wa juu, na juu ya tuta nikapanda mabingobingo. Msimu wa kwanza sikuona kitu. Wa pili, mahindi yaliyo karibu na mtaro yalibaki kijani wiki nzima baada ya yale ya katikati kuanza kukauka. Sasa tuta limejijenga, shamba linaanza kulala kama ngazi, na ng'ombe anakula kutoka kwenye hilo hilo tuta.

Lakini mashimo ya kupandia yalinishinda. Udongo wetu ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mashimo yalijaa maji siku tatu mfululizo, mahindi yakageuka manjano yakafa. Huko kwako kwenye udongo mwepesi huenda yakafaa kabisa, kwa hiyo usiige jambo kabla ya kushika udongo wako mkononi.

MzeePimaMaji

Nimepima mashamba ya watu miaka mingi, sasa nimestaafu. Naomba tufanye hesabu kwanza, maana kwenye maji macho hudanganya.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Shika hiyo tu, mengine yanafuata.

Chukua bwawa la mita 15 kwa 10 juu, kina mita 2.5, kuta zimelazwa ili zisibomoke. Linashika kama lita 240,000. Ni mengi ukiyaona. Ila ukiyamwaga sawasawa kwenye ekari zako mbili, ambazo ni mita za mraba 8,000 na kitu, ni sawa na mvua ya milimita 30. Mvua moja nzuri ya jioni! Tena jua linakunywa: ukihesabu milimita 5 kwa siku, bwawa hilo likiwa limejaa hupoteza lita 750 kila siku. Kwa miezi mitatu ya kiangazi, zaidi ya robo ya maji imepaa.

Sasa tazama udongo. Tifutifu iliyo na afya, kwa kina cha sentimita 60, hushika kiasi cha milimita 90 za maji ambayo mimea inaweza kuyanywa. Kwa ekari mbili hizo ni lita 720,000, mara tatu ya bwawa, na hazihitaji pampu wala uzio. Swali langu kwako ni hili: ghala hilo liko wazi au limefungwa?

Mashamba mengi ya Rongai yamelimwa kwa trekta, plau ya sahani ikipita kina kile kile mwaka baada ya mwaka. Chini yake hujengeka tabaka gumu kama sakafu. Chimba shimo la nusu mita leo, katikati ya mahindi, utazame mizizi. Ikifika kama sentimita 20 halafu ikapinda na kutambaa ubavu, umepata mwizi wako. Hapo bwawa halitaokoa mahindi, litamwagilia sakafu.

Kwa hiyo mimi ningeweka shamba kwanza, tangi la pili, bwawa la mwisho.

FundiWaGata_Gilgil

Mzee amesema vizuri kuhusu shamba, ila msimfanye mama watoto aonekane hajui. Huku Gilgil, na sehemu nyingi za Nakuru na Naivasha, maji ya visima yana floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita zinazokubalika. Angalieni meno ya watoto wetu yalivyo ya kahawia. Maji ya mvua hayana floridi hiyo. Tangi ni meno na mifupa ya watoto.

Ila mawili ya elfu kumi kumi ya nini? Watu sita wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupika ni lita 30 kwa siku, na siku 150 bila mvua ni lita 4,500. Tangi moja la 5,000 linatosha ukilifunga kwa kufuli na kusema hili si la kufulia. Paa la mita za mraba 60, mvua moja ya milimita 30 inakuletea zaidi ya lita 1,400 hata ukitoa zinazopotea. Mvua nne za hivyo limejaa.

Ninayoyaona kila siku yakiharibika: gata, yaani mifereji ya paa, zilizolazwa bila mteremko, na tangi lililokalishwa juu ya udongo mtupu. Lita 5,000 ni tani tano. Jenga msingi wa mawe na zege. Na weka bomba la kumwaga maji ya kwanza, kwa sababu yanaosha vumbi na mavi ya ndege yaliyokaa juu ya mabati tangu Desemba.

NyanyaZaKiangazi

Mimi ndiye mwenye bwawa humu, kwa hiyo nitalitetea. Mzee anahesabu kana kwamba mtu hutaka kumwagilia mahindi ya ekari mbili. Hakuna afanyaye hivyo. Mimi namwagilia mita za mraba 500, theluthi nyanya, zilizobaki sukuma wiki na vitunguu, kwa mipira ya matone. Zinakunywa kama lita 2,000 kwa siku. Toa maji yanayopaa, bado nina karibu miezi mitatu. Navuna Februari wakati soko limekauka, na ndipo karo imetoka.

Lakini nakuambia na maumivu yake. Bila nailoni, udongo wetu wa majivu na mawe mepesi ulimeza bwawa la kwanza kwa siku chache. Nailoni nyembamba ilitobolewa na kwato za mbuzi msimu wa kwanza. Nikanunua nene, ya milimita 0.75, nikaweka uzio wa miti na waya, na kamba yenye mafundo ikining'inia ndani ili anayeteleza ashike. Kuta za nailoni huteleza vibaya mno, hata mtu mzima anayejua kuogelea hatoki. Usichimbe bwawa siku moja na kusema uzio utakuja mwezi ujao. Watoto hawangoji.

Nimetia samaki wa ngege ndani, wanakula viluwiluwi vya mbu.

MzeePimaMaji

Nyanya, nakubali: kwa mboga za soko bwawa lina kazi yake, na hesabu yako ni sahihi. Naongeza jambo moja tu. Mahali pa bwawa ni kwenye mteremko upande wa chini kuliko nyumba, kamwe si upande wa juu, na maji yanayozidi yawe na njia iliyojengwa ya kutokea. Solai iko hapo karibu nasi. Mei 2018 bwawa lilipasuka usiku likaua watu zaidi ya 40. Lilikuwa kubwa mno kuliko haya ya wakulima wadogo, lakini maji hayajui ukubwa wa shamba. Kabla ya kuchimba, pitia ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

MkulimaWaRongai

Nimechimba leo asubuhi kabla sijasoma haya mengine. Mizizi imepinda sentimita 18. Nimesimama pale nikamkumbuka baba alivyokuwa akisema shamba limechoka.

Maswali mawili. Hiyo sakafu nitaivunjaje bila trekta? Na washauri huniambia nifunike udongo kwa mabua; nikifanya hivyo, ng'ombe wangu watatu watakula nini?

MzeePimaMaji

Hongera kwa kuchimba. Wengi hubishana nami mwaka mzima bila kushika jembe.

Hapo ndipo mashimo yanapoingia. Sentimita 60 kila upande na 60 chini, umepasua sakafu. Weka kando udongo wa juu, uchanganye na debe moja au mawili ya samadi iliyoiva, urudishe, ila usijaze: acha sentimita 15 juu. Nafasi hiyo inashika lita 54 kila mvua inapopiga. Panda mbegu tisa za mahindi kwa shimo. Shimo moja hutumika misimu kadhaa bila kuchimba upya. Usianze na ekari mbili, utawachosha vijana na pesa iishe katikati. Anza na nusu ekari, sehemu ya chini ya mteremko.

Kuhusu ng'ombe, swali lako ni la haki na washauri wengi hulikwepa. Waache wale mabua. Lakini samadi yao irudi shambani yote, imefunikwa isipigwe na jua, na mashimo mengine machache yawe ya tumbukiza, yaani mashimo ya samadi ya kupandia mabingobingo ya ng'ombe. Kwenye tuta la fanya juu panda nyasi za brakiaria. Ukishapata lishe ya kando, mabua yataanza kubaki yenyewe.

MwalimuMaseno

Kwa samadi ambayo haitoshi: kateni tithonia, yale maua ya manjano ya kandokando ya barabara. Majani yake mabichi yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu ya kutosha kuonekana kwenye mahindi. Huku Maseno yalifanyiwa utafiti tangu miaka ya 1990 na mimi nayatumia kila msimu, nayafukia wiki moja kabla ya kupanda. Na pimeni udongo kabla ya kununua chokaa. Huku kwetu wengi wana tindikali na chokaa ya Koru inawasaidia. Rongai huenda hamna haja nayo.

MamaNyakach

Nisisahau, maana lilinigharimu tuta zima: usichore mistari ya fanya juu kwa macho. Tumia kamba na pima maji, au fremu ya miti yenye umbo la A na jiwe linaloning'inia. Mstari ukiinama hata kidogo, maji yote ya mtaro hukimbilia mwisho mmoja na kupasua tuta, na hapo umejichimbia korongo kwa mikono yako.

MkulimaWaRongai

Tumekaa jioni tukakubaliana. Tangi moja la lita 5,000 na gata zilizofungwa vizuri. Mitaro minne ya fanya juu, mzee wa jirani ana pima maji ataniazima. Mashimo nusu ekari. Zikibaki pesa zinakaa, bwawa tutalizungumza baada ya mavuno. Mama watoto amecheka, anasema tangi lilikuwa la kwanza kwenye orodha yake.

Mama Nyakach, erokamano sana. Swali la mwisho: mtaro wa juu kabisa utapokea maji ya barabara nyingine, ya murram, iliyo upande wa juu wa shamba. Niyaingize au niyazuie?

MamaNyakach

Yazuie mwaka huu. Chimba mtaro wa kuyapitisha pembeni hadi kwenye nyasi, wacha matuta yashike mizizi kwanza. Mwaka wa pili fungua kidogo, upana wa jembe moja, na usimame pale na mwavuli wakati mvua inanyesha uone yanakoenda.