Mrejesho: mikwaruzo kwenye mkanda wa Seiko 5

Wakuu nimerudi, niliuliza kama mkanda wa chuma wa saa yangu ya Seiko 5 uliojaa mikwaruzo naweza kuupiga msasa mwenyewe nyumbani. Inawezekana aisee. Nimeuchomoa kwenye saa, vile vipande vya kati vinavyong'aa nikaviziba na masking tepu (ile ya karatasi), halafu nikasugua kwa ile Scotch-Brite ya kijani ya kuoshea vyombo, upande mmoja tu kufuata ile mistari midogo ya kiwandani kwenye chuma, maana ukizungusha unatoka kama sufuria. Mikwaruzo midogo imepotea kabisa, ile iliyozama ukiinamisha kwenye mwanga bado unaiona ila siwezi kumaliza chuma kwa ajili yake. Vile vipande vya kati nimepitisha Brasso (dawa ya kung'arisha chuma) kidogo na kitambaa. Mwenye mkanda wa kupakwa dhahabu asithubutu, rangi yote itatoka.