ClamAV, rkhunter, chkrootkit au kukagua kwa mkono: kipi kianze kwenye Linux ya nyumbani?

shela_mint
Assalam aleikum. Laptopu ya nyumbani hapa Lamu, Linux Mint 21, RAM GB 4. Feni hainyamazi na bando linaisha kabla ya siku zake. Nahofia imeingiliwa. Kati ya hizo tatu (ClamAV ya kusaka virusi, rkhunter na chkrootkit za kusaka rootkit, yaani programu hasidi zinazojificha), ipi iwekwe kwanza? Intaneti ni ya simu, kwa hiyo tajeni na uzito wa kupakua.

langoni77
Waaleikum salaam. Usipakue kitu bado. Fungua `top`, bonyeza P kubwa ipange kwa matumizi ya CPU. Kama kinara ni kivinjari chenye tabu 30, au hakuna kinachokula CPU kabisa, safisha feni. Chumvi na vumbi la huku vinaziba mapezi yake. Ukiona jina geni, chukua namba yake (safu ya PID), tuseme 2417:

`sudo ls -l /proc/2417/exe`

Ikielekeza /tmp, /var/tmp au /dev/shm, pana shaka kubwa. Neno "deleted" mwishoni pekee si ushahidi, kwani hata programu iliyosasishwa bila kufungwa huonyesha hivyo. Angalia pia tahajia: kdevtmpfs ni ya kerneli (kiini cha Linux), lakini kdevtmpfsi, yenye i mwishoni, ni mchimba sarafu za kidijitali wa programu hasidi Kinsing. Anayekula bando utamwona kwa `sudo nethogs`. Ni paketi ndogo.

maweni_malindi
Sasa ulinganisho wenyewe. ClamAV ni nzito: orodha yake ya virusi ilipita MB 200 hadi 2025, na ikipakiwa inakula RAM nyingi, kwa hiyo mashine yako inaweza kukwama. Tena sehemu kubwa ya orodha ni virusi vya Windows. Inafaa kwa fleshi zinazozunguka kwenye saiba, si kwa swali lako.

chkrootkit ni nyepesi, ila hupiga kelele: kipengele cha "sniffer" (kinasa mawasiliano) humtaja NetworkManager au wpa_supplicant, programu za kuunganisha mtandao. Hao ni wenyeji, si wezi.

rkhunter, toleo la mwisho 1.4.6 la 2018, hulinganisha faili na picha (rekodi ya hali zake) iliyopigwa kwa `--propupd`. Ukiipiga leo kwenye mashine yenye shaka, umempa mwizi kitambulisho cha mkaazi.

Mimi ningeanza na hii, haipakui hata baiti moja:

`sudo dpkg -V`

Hulinganisha faili zilizopo na hesabu zao za awali (checksum) kutoka kwenye paketi. Mstari wenye herufi c ni faili ya mipangilio, nyingi hubadilishwa kihalali. Mstari usio na c, wenye 5 katikati ya alama za kuuliza, tena chini ya /usr/bin au /usr/sbin, huo ndio wa kushughulikia.

mkomani
Maalim, rkhunter usiitupe. Ikiwekwa siku ya kwanza, mashine ikiwa safi, ina faida. Na `dpkg -V` nayo ina upofu wake: xz (programu ya kubana faili) 5.6.0 na 5.6.1 za 2024 zilibeba mlango wa nyuma ndani ya paketi yenyewe, kwa hiyo hesabu ingelingana vizuri tu. (Mint 21 ina 5.2.5, haihusiki.)

maweni_malindi
Kweli. Tena orodha ya hesabu hizo iko kwenye diski ileile, aliyepata root (mamlaka ya juu kabisa ya mashine) anaweza kuibadilisha.

langoni77
Ndiyo maana kukagua kwa mkono hakukwepeki. Tafuta kinachojianzisha chenyewe, ufunguo au muunganisho usioujua, kwa mpangilio huu:

`cat /etc/ld.so.preload`
`crontab -l; sudo crontab -l; ls -la /etc/cron.d`
`systemctl list-timers --all`
`ls ~/.config/autostart; cat ~/.ssh/authorized_keys`
`sudo ss -tupn`

Faili ya kwanza kwa kawaida haipo kabisa. Ikiwepo na hukuiweka wewe, acha kuamini `ls`, `ps` na `ss` za mashine hiyo, kwani zinaweza kufichwa mambo. Zima, uwashe kwa fleshi ya Mint iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine, na uihakiki ISO (faili ya Mint uliyopakua) kwa `sha256sum`. Februari 2016 tovuti ya Mint yenyewe iliingiliwa ikaelekeza watu kwenye ISO yenye sumu. Kisha, kama mfumo uko kwenye sehemu ya diski iitwayo sda2:

`sudo mount -o ro /dev/sda2 /mnt`

Soma faili zilezile chini ya /mnt. Ukithibitisha, usisafishe, weka mfumo upya. Nakili picha na hati tu. .bashrc na .config ziache hukohuko, na nywila zote zibadilishwe kwa simu kabla hujaigusa tena laptopu.