Yule jamaa wa yadi AMENIRUKA MIGUU!! Na mimi nilikuwa nauliza tu pikapu ya kazi ya kuvuta karavani

Pampu_na_Kisima:

Wadau, nimetoka huko saa hii, mikono bado ina grisi, chai imepoa hapa mbele yangu na sijaigusa, lakini hii lazima niitoe leo ama sitalala.

Yule jamaa mnamjua, msijifanye. Yule wa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, wa viatu vyenye ncha inayofika mahali nusu saa kabla yake mwenyewe, yule kila gari ya yadi yake ilikuwa ya daktari mwanamke aliyekuwa anaendesha Jumapili pekee. Huyo.

ANIRUKA. Mimi mtu mzima, baba ya watu, niko chini ya dabo kabini naangalia kama ile chuma ya kuvutia trela imefungwa kwa chasi ama wameibandika tu, miguu yangu imetokeza nje, yeye anapita na mteja mwingine, na badala azunguke ananiruka! Na akiwa hewani, HEWANI wadau, anamwambia yule mteja "usijali, huyo ni fundi tu". Ndiyo mimi ni fundi! Fundi mwenye pesa ya gari!

Kazi yangu ni kufunga pampu za sola kwa visima, Kajiado, Narok, mpaka Rumuruti huko. Kazi ikishika unalala saiti. Nimechoka kulala kwa kabini goti likiwa kwa stelingi, nikanunua karavani kuukuu, vitanda viwili na jiko, ikiwa tupu ni kama kilo 1,200. Weka maji lita 100 hiyo ni kilo 100, weka gesi, weka magodoro na vyombo na vyakula, uko 1,500 bila kupenda. Kwa hivyo nataka gari ya kubeba mabomba na pampu mgongoni na kuvuta hiyo nyumba nyuma. Sitaki ya kuringa nayo Kilimani.

Nikauliza swali la heshima kabisa: mkubwa, hii inavuta kilo ngapi trela ikiwa na breki, na ngapi ikiwa haina? Akapiga boneti kofi, akasema "hii inavuta jengo zima la KICC na watu wakiwa ndani".

Hayo ni majibu? Mtu amesoma! Hilux ya 2.8, D-Max ya 3.0, Ranger, zote kwa kitabu ni kilo 3,500 trela ikiwa na breki na 750 bila breki. Lakini hizo 3,500 si za kuongeza juu ya tani nzima ya mzigo mgongoni, kuna uzito wa gari na trela zikiwa pamoja, na kwa hizi pikapu unacheza hapo karibu na tani 6, na gari peke yake ikijaa ni tani 3 na kitu, sasa wewe piga hesabu. Halafu ule mkono wa karavani unakalia nyuma ya gari, unataka kama asilimia 10 ya uzito wa trela, kwangu mimi ni kilo 150 ambazo tayari zimekula mzigo wangu kabla sijaweka hata spana. Hayo ndiyo nilitaka tuongee naye kama watu wazima. Na ile aliyokuwa ananisukumia ni ya petroli, 2.0, haina turbo, ile ya kusukumia injini hewa! Nairobi hii tuko juu ya mita 1,700, hewa ni nyepesi, injini bila turbo ukiivutisha karavani kupanda kutoka Mai Mahiu kurudi Limuru itapumua kwa pua moja mpaka malori ya mchanga yakupigie honi.

Sasa ndiyo nikaingia chini kuangalia, na unajua nilikuta nini? Wamechomelea kwa BAMPA. Si kwa chasi. Bampa! Tani moja na nusu inashuka Mai Mahiu ikiwa imeshikwa na bampa na maombi. Nikiwa hapo chini bado nashika weldingi kwa kidole nisiamini, ndipo kivuli kikapita juu yangu. Aliniruka. Nafasi ya kuzunguka ilikuwepo, kwanza lori ingepita hapo. Aliniruka na hakusema hata samahani, na yule mteja naye akacheka.

Niambieni D-Max ama Hilux, gia za mkono ama otomatiki. Na huyo mtu Mungu anamuona.

Spana17:
Pole sana ndugu. Swali moja tu, alirudi akaruka upande ule mwingine? Kwetu ukirukwa na usirukwe kurudi, unabaki na urefu huohuo.

Pampu_na_Kisima:
Mimi si mtoto wa kuongeza urefu. Nimesema aliniruka AKIONGEA.

NyanyaMbivu:
Sentensi nzima akiwa hewani? Na hivyo viatu? Huyo mwacheni, apelekwe Kasarani akimbie viunzi.

DizeliTupu:
D-Max 3.0 funga mjadala. Zinaundwa hapahapa Nairobi, spea ukishuka Kirinyaga Road unachagua kama nguo. Ile ya 1.9 nayo ni gari poa kwa kazi ya mji lakini karavani na mabomba pamoja, mlimani utaisikia.

MzeeHilux:
Spea zimejaa Kirinyaga Road kwa sababu wateja pia wamejaa huko wakizitafuta.

DizeliTupu:
Bei ya Hilux moja kuukuu nanunua yangu na ng'ombe wawili wa maziwa. Unalipia jina.

MzeeHilux:
Nenda ukauze hizo zote siku moja halafu urudi hapa.

MamaMzigo:
Nyinyi wanaume mmepigana na injini na hakuna ameuliza breki za hiyo karavani. Kama ni zile kuukuu za kutoka Uingereza, breki zake ni za kusukumwa: pikapu ikipunguza mwendo trela inasukuma ule mkono wa mbele, mkono unavuta nyaya, nyaya zinashika magurudumu. Ikikaa miaka kwa shamba inashika kutu, na hapo mwenzangu unavuta trela isiyo na breki, yaani hesabu yako ni 750 sio 3,500. Fungua magurudumu yote uangalie kabla hujanunua gari yoyote. Na vitu vizito viweke chini karibu na ekseli, ukirundika nyuma itaanza kutikisa mkia na itakuzungusha na pikapu yako. Kushuka Mai Mahiu ingia gia ya chini mapema huko juu, usikae umekanyaga breki njia nzima mpaka kanisa la Waitaliano kule chini, zitachemka.

Pampu_na_Kisima:
Asante mama, nitafungua kesho asubuhi. Lakini tusitoke kwa mada, yaani mtu akuone umelala chini na AKURUKE?

MamaMzigo:
Afadhali wewe umerukwa tu. Mimi fundi wangu alifunga plagi ya trela pini 7, akachanganya nyaya, nikiwasha indiketa ya kushoto trela inawasha ya kulia. Nimetukanwa Thika Road nzima.

Spana17:
Na usisahau trela inasajiliwa kivyake, ina nambari yake ya kuanza na Z. Ukibandika ya pikapu tu trafiki watakupenda sana.

KijanaWaPloti:
Hizo ni shida ndogo. Mimi nimeleta katrela kadogo kwa ploti, ka kubeba mchanga, ajenti anasema nalipa maji na takataka kama mpangaji. Katrela! Kanaoga saa ngapi?

Pampu_na_Kisima:
Wadau, uzi huu ni wa yule wa kuruka watu.

NyanyaMbivu:
Sasa karavani yenye vitanda si atadai depositi?

MzeeHilux:
Ngoja, ajenti gani huyo, yule wa fimbo na redio ya mkononi?

KijanaWaPloti:
Huyohuyo. Anapita usiku akihesabu balbu.

MzeeHilux:
Huyo mtu alikula depositi yangu! Alisema nimeharibu rangi ya ukuta, na ukuta haukuwa na rangi.

DizeliTupu:
Mzee, leo tumekubaliana. Mimi alinikata pesa ya tundu la msumari, na msumari niliukuta hapo.

Spana17:
Fungueni uzi wake basi, mimi niko na risiti.