Mpima yupi kwa kazi ipi? Kiwanja cha Soweto (Moshi) na kihamba cha Uru

Manka_Uru:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Baba yetu alifariki mwaka jana. Ametuachia kiwanja Soweto hapa Moshi mjini, kina hati, na kihamba (shamba la ukoo) Uru ambacho hakina karatasi yoyote, mipaka ni masale, mimea ya mpakani aliyopanda babu. Huko Soweto jirani wa nyuma ameanza kuchimba msingi wa ukuta. Bikoni, yaani alama ya zege ya mpaka, ya kona ile haionekani, nimefukua na jembe nikakutana na mizizi ya mparachichi tu. Nimeulizia wapima watatu: mmoja anasema nifufue mipaka, wa pili nipime upya kiwanja chote, wa tatu nianze na urasimishaji. Bei zao zimepishana mno. Jirani naye kaja na simu yake, ananionyesha kwamba mpaka umeingia mita tano kwetu. Usingizi sipati. Nianzie wapi?

Mpima_Mstaafu:
Marahaba binti, pole kwa msiba. Kiwanja chenye hati kilishapimwa. Urasimishaji ni wa mitaa ambayo watu walijenga kabla ya mpango, haukuhusu. Kupima upya nako ni pale mnapotaka kukigawa, na hapo mchoro wa mipango miji hubadilishwa kwanza ndipo mpima aingie.

Wewe fufua mpaka. Mpima aliyesajiliwa achukue ramani ya upimaji ya eneo lenu, ile iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Kila bikoni ina namba yake pale. Aanzie kwenye bikoni zilizo salama, azihakiki zenyewe kwa zenyewe, ndipo aitafute iliyopotea. Jirani awepo, mwenyekiti wa mtaa awepo. Na mwambie jirani asimamishe msingi leo, kwa upole, mbele ya shahidi.

Simu iwekeni mfukoni. Hata penye uwazi inakosea mita kadhaa, chini ya mparachichi ndiyo kabisa. Tena ramani zetu za zamani zimefuata mfumo wa majira ya ramani uitwao Arc 1960, simu inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukiingiza namba za ramani bila kuzibadilisha, zinakutupa zaidi ya mita 200. Nimeona watu wakishikana mashati kwa sababu hiyo.

Akitokea wa kukuuzia upimaji wa topografia, kataa. Ule unaonyesha miinuko, mitaro na miti, unamfaa mhandisi. Mpaka hautatui.

Kaka_wa_Kibosho:
Pole dada. Mimi niongelee kihamba, maana kilitugombanisha nyumbani kwetu. Tuligawana na mdogo wangu kwa futi kamba, tukailaza juu ya ardhi kufuata mteremko. Mpima alipokuja akatuonyesha kosa: ardhi ikishuka mita 6 ndani ya kamba ya mita 20, kwenye ramani ni mita 19 na kidogo. Aliyepewa upande wa korongo alikuwa amepunjika, na alikuwa mdogo wangu. Tulirudia kazi yote.

Kama Uru yenu ni ardhi ya kijiji, ulizeni ofisi ya kijiji kuhusu hatimiliki ya kimila, iko kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Hapo hakuna bikoni za zege. Majirani wote wanasimama mpakani, kila mmoja anakiri isale lake, ndipo vipimo vinachukuliwa. Wapelekeni wazee wangali hai. Na kama mnapakana na mto, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli za kudumu, kwa hiyo nyumba msiipange huko.

Manka_Uru:
Nawashukuru sana. Mpima alikuja Jumamosi. Alianzia bikoni mbili za upande wa barabara, akachomeka kigingi hatua tatu kutoka pale nilipokuwa nafukua. Tulichimba kama futi moja na nusu, zege likatokea, na nondo yake katikati. Msingi wa jirani umepita ndani kwetu sentimita 40, siyo mita tano. Jirani alikaa kimya kidogo, akamwomba fundi koleo, akaanza kufukia mwenyewe.

Uru tunakwenda mwezi ujao na kaka. Mama ameomba jambo moja tu, masale ya babu yasing'olewe hata tukipata hati.

Mpima_Mstaafu:
Msiyang'oe. Na pale yalipokauka, pandeni mengine siku hiyohiyo majirani wakiwa wamesimama hapo.